Nani Yumo Ndani ya Kinyago? Mintarafu Kubuni na Kujaribu Roboti Sahili Mahali pa Kazi

Utangulizi

Bandari ya Mtwara, ambayo kila mkaaji wa mji huu huiona anaposhuka Shangani, haikujengwa kwa ajili ya korosho, wala kwa ajili ya mitambo ya gesi iliyokuja baadaye kuelekea Msimbati na Madimba. Ilikusudiwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na sehemu moja ya mpango huo ilikuwa Nachingwea. Matrekta yaliletwa, vifaru vya vita vikageuzwa kuwa vya kung'olea visiki, reli ikatandikwa kutoka pwani kwenda bara. Jambo moja halikufanyika: hapakulimwa kwanza shamba dogo la kujaribia. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikawa zimepotea. Reli ilikuja kung'olewa. Bandari ikabaki.

Tumeanza na karanga kwa kuwa makala hii inahusu kujaribu, na watu wa Kusini wanajua gharama ya mtambo usiojaribiwa mahali pake. Mtambo tunaokusudia kuueleza ni mdogo mno kuliko trekta, nao ni roboti ya kijamii iliyo sahili.

Yamkini msomaji atajiuliza roboti zina shauri gani na jarida la wachungaji. Jibu letu ni jepesi. Roboti za aina hii haziwekwi kiwandani nyuma ya uzio. Huwekwa pale watu wanapokutana na watu: kwenye njia panda, kwenye mapokezi ya hospitali, kwenye meza ya kula. Huko ndiko tunakofanyia kazi yetu nasi. Tena wabunifu wake huzipa kwa makusudi uso, sauti na adabu, yaani vitu ambavyo mwanadamu huvitumia kumtambua mwenziwe. Mchungaji anayewatembelea wagonjwa wodini hana budi kujua mambo hayo hufanyikaje, asije akayasifu kwa upofu wala kuyalaani kwa uvivu.

Neno na maana yake

Neno lenyewe lilizaliwa jukwaani. Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alilitumia katika mchezo wake wa kuigiza R.U.R. wa mwaka 1920, akilitoa katika neno robota, ambalo ni kazi ya lazima aliyotozwa mkulima na bwana wa ardhi. Wazee wetu wa pwani wanalo neno la jambo hilo hilo, nao walilijua kwa migongo yao: shokoa. Inafaa kulikumbuka kila tunaposikia roboti ikiitwa mfanyakazi mwenzetu.

Roboti ya kijamii ni mtambo ambao, kwa umbo, sauti au mwendo wake, humwalika mtu auchukulie kama mshiriki wa mazungumzo au wa kazi. Iliyo sahili ni ile isiyojua mengi. Haielewi maneno, au huelewa machache. Haina mikono ya kushikia, au inao mmoja wa kuonyeshea njia. Nguvu yake karibu yote imo ndani ya watu wanaoizunguka, kwa maana wao ndio wanaoikopesha nafsi.

Ukopeshaji huo ulijulikana mapema. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts huko Marekani, alitangaza programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA. Haikuwa na mwili hata kidogo. Iliyageuza tu maneno ya mtu yawe swali, ikamrudishia. Weizenbaum alisimulia baadaye kwamba katibu wake, aliyekuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi mingi na aliyejua vema kuwa ni programu tu, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba yeye Weizenbaum atoke chumbani. Tunaomba msomaji atulie kidogo juu ya jambo hilo. Huyu mama hakudanganywa na mtu yeyote. Alijua, na hata hivyo alitaka faragha.

Mfano wa pili una furaha zaidi. Mwaka 2009 mbunifu kijana Kacie Kinzer alitengeneza roboti ndogo za katoni, zenye uso wa tabasamu uliochorwa na kibendera kilichoandikwa mahali zinapotaka kufika, akaziachia katika bustani ya Washington Square mjini New York. Roboti hizo zilijua kwenda mbele tu. Moja ilivuka bustani kwa dakika 42, na katika muda huo watu 29 waliisaidia kila iliponasa au ilipopotea njia. Katika mji unaosifika kwa haraka, kipande cha katoni kiliwasimamisha watu 29. Mbunifu mwenye busara hujifunza hapo kwamba udhaifu wa mtambo, ukionyeshwa waziwazi, huita msaada. Mbunifu asiye na busara hujifunza kuwa watu ni rahisi kuguswa, naye hutafuta namna ya kuwagusa ili wanunue.

Waliotangulia katika nchi zetu

Mambo hayo si ya ng'ambo pekee. Kwa maoni yetu mfano ulio bora kabisa katika Afrika ni ule wa Kongo. Mwaka 2013 waendesha magari wa Kinshasa walikuta kwenye njia panda roboti mbili za alumini, ndefu kuliko mtu, zikiongoza magari. Zilibuniwa na umoja wa wahandisi wanawake wa Kikongo uliokuwa chini ya Bibi Thérèse Izay Kirongozi, na wengi katika umoja huo walikuwa wanawake wenye elimu ya ufundi waliokosa ajira inayowafaa. Roboti hizo zilikuwa na mikono inayoinuka, taa nyekundu na za kijani, kifua kinachogeuka, kamera machoni, na umeme wa jua, maana kutegemea umeme wa mji ule kungekuwa kuzihukumu kusimama gizani. Zilitoa hata sauti ya kuwaambia madereva wawapishe wanaovuka kwa miguu. Machi 2015 ziliongezwa nyingine tatu, nazo zikapewa majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Lubumbashi, mji wa Waswahili wa Katanga, nao ulipata za kwake.

Tuangalie usanifu wake kwa jicho la fundi. Taa za kawaida za barabarani zingeweza kusema 'simama' na 'nenda' kwa gharama ndogo zaidi. Kwa nini basi mwili wa mtu? Kwa sababu madereva wa mji ule walizoea kuongozwa na mtu, yaani askari mwenye mkono. Roboti ilichukua lugha ambayo barabara iliifahamu tayari. Huo ni ubunifu unaoanza na mazoea ya mahali, na ndiyo sababu tunauheshimu. Kulikuwa na jambo jingine: wapo madereva waliosema wanaiamini roboti kuliko askari, kwa kuwa haiwasumbui. Sifa hiyo iliyopewa mtambo ni, kwa hakika, lawama kwa wanadamu waliokuwa wakifanya kazi hiyo kabla yake. Upungufu wake nao ulisemwa waziwazi na polisi wenyewe: roboti haiwezi kumkimbiza mkosaji. Kamera hupeleka picha, lakini mahali fulani lazima awepo mtu wa kuitazama picha hiyo na kuamua.

Mfano wa Rwanda tuupitie kwa ufupi. Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa Uviko-19, kituo cha matibabu cha Kanyinya mjini Kigali kilipewa roboti tano zilizotengenezwa na kampuni ya Kibelgiji, ili zipime joto la mwili, zipeleke vitu kwa wagonjwa na kuwapunguzia wauguzi nafasi za kuambukizwa. Nazo zilipewa majina: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Ajuaye Kinyarwanda atasikia humo kijua, tumaini, uzuri, ngao na nuru. Majina hayo yalichaguliwa kwa ajili ya mgonjwa aliyelala peke yake asiyeruhusiwa kuonana na ndugu, wala tusiyadharau. Jijini Nairobi, mwaka 2024, mgahawa mmoja wa mtaa wa Kileleshwa ulianza kutumia roboti tatu kupeleka chakula mezani. Lakini anayepokea agizo la mteja, na anayeipangia roboti safari yake, bado ni mhudumu.

Katika mifano yote mitatu roboti imepewa kipande tu cha kazi: kipande kinachochosha, au kinachohatarisha, au kinachofurahisha macho. Kilichobaki, ambacho ndicho kizito, kimo mikononi mwa watu.

Kinyago na aliye ndani

Sasa tufike kwenye majaribio yenyewe. Kutengeneza roboti inayosikia na kujibu ni kazi ya gharama kubwa, tena mbunifu hawezi kujua kabla kama watu wataitaka. Kwa hiyo wabunifu wamebuni njia ya mkato. Hutengeneza umbo tu, hata la mbao au katoni, na humficha mtu nyuma ya pazia au katika chumba cha pili. Mtu huyo husikia anayosema mgeni, kisha huijibia roboti kwa kipaza sauti au huusogeza mkono wake kwa waya. Mgeni hudhani mtambo unamwelewa. Njia hii huitwa Mchawi wa Oz, jina ambalo J. F. Kelley aliieneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutokana na hadithi ya watoto ya L. Frank Baum ya mwaka 1900, ambamo mchawi wa kutisha anakuja kuonekana kuwa ni mzee wa kawaida aliyejificha nyuma ya pazia.

Kwa sisi tunaokaa kati ya Mtwara na mto Ruvuma hatuna haja ya kwenda hadi Oz. Wamakonde, hasa wa upande wa pili wa mto na wale waliohamia huku, wanacho kinyago kiitwacho lipiko. Huchongwa katika mti mwepesi, hutiwa mara nyingi nywele za mtu, na mchezaji hukivaa kichwani kama kofia huku akiona njia kupitia mdomo wa kinyago. Mwili wake wote hufunikwa nguo asionekane ngozi. Hutokea akicheza, hasa vijana wanapomaliza unyago. Zamani wanawake na watoto wasiotahiriwa waliambiwa kwamba yule aliyetokea ni roho ya marehemu. Na mojawapo ya mambo aliyofundishwa kijana jandoni ni kwamba ndani ya lipiko yumo mtu. Siku hizi lipiko ni ngoma ya furaha na ya kejeli zaidi kuliko ya kutisha, na vinyago vyake vimewahi kuwachekesha watu kwa sura za wakoloni, na hata za sisi watu wa dini.

Mfano huu unatufaa kwa sababu unatenganisha mambo mawili ambayo mbunifu huyachanganya. Kuna kujificha ambako kila mtu amekubali: watazamaji wanajua yumo mtu, nao wanafurahi kuucheza mchezo. Na kuna kujificha ambako upande mmoja unajua na upande wa pili hauruhusiwi kujua, na aliyeficha hupata mamlaka juu ya aliyefichwa. Jaribio la Mchawi wa Oz laweza kuwa lolote kati ya hayo, kutegemea jinsi linavyoendeshwa. Watafiti waadilifu huomba kwanza ridhaa ya washiriki, wakisema wazi kwamba baadhi ya mambo yatafafanuliwa mwishoni. Kisha baada ya jaribio humfungulia mshiriki pazia, humwonyesha mtu aliyekuwa akijibu, na humpa nafasi ya kukataa maneno yake yasitumike. Asiyefanya hivyo amejifunza kitu juu ya watu kwa kuwanyang'anya kitu.

Wasomaji wetu watakumbuka kwamba simulizi ya kale ya jaribio la namna hii imo katika nyongeza za Kigiriki za kitabu cha Danieli, katika sehemu ihusuyo sanamu Beli. Mfalme aliamini sanamu inakula, maana kila asubuhi chakula kilikuwa kimekwisha. Danieli hakubishana naye juu ya asili ya miungu. Alinyunyiza majivu sakafuni usiku, mlango ukatiwa muhuri, na asubuhi nyayo za makuhani, wake zao na watoto wao zikaonekana zikielekea kwenye mlango wa siri. Kwa mtazamo wa ufundi, hilo ni jaribio zuri mno: la gharama ndogo, lililofanywa mahali penyewe, mbele ya mhusika mwenyewe, na lililojibu swali moja tu. Nani anakula?

Wittenberg, mwaka 2017

Kwa kuwa sisi ni Walutheri hatuwezi kulipita tukio moja. Katika maadhimisho ya miaka 500 ya Matengenezo, Kanisa la Kiinjili la Hesse na Nassau nchini Ujerumani liliweka katika maonyesho ya Wittenberg roboti ya kubariki, iliyoitwa BlessU-2. Mgeni alichagua kwenye kioo cha kugusa kifuani mwake lugha, sauti ya mwanamume au ya mwanamke, na aina ya baraka aitakayo. Roboti iliinua mikono, mwanga ukatoka viganjani, ikatamka neno la Biblia na baraka, na mtu aliweza kuchukua maneno hayo yakiwa yamechapwa kwenye karatasi. Walioiweka walisema nia yao ni kuzusha mjadala, wala hawakukusudia kuwapumzisha wachungaji. Wengine walicheka, wengine walikasirika, na wapo walioguswa.

Maoni yetu ni haya. Kama jaribio lilikuwa halali, maana lilikuwa na mwanzo na mwisho, wenye nalo walijulikana, na hapakuwa na aliyefichwa nyuma ya pazia. Lakini jibu lililopatikana halikuwa juu ya mashine. Maneno yaliandikwa na watu, yakachaguliwa na watu, na mgeni alijua hivyo. Ndani ya kinyago lilikuwamo kanisa. Swali ambalo roboti ile haikuweza kulijibu ni la baadaye: mtu akipokea karatasi yake kisha akaanza kulia, ni nani atakayemsogelea? Tunadhani katika sharika zetu, ambako baraka hutolewa kwa mkono uliowekwa kichwani na ambako aliyeutoa huonwa kesho yake sokoni, swali hilo lina uzito kuliko lile la kama chuma chaweza kubariki.

Dirisha la mapokezi

Ili tusibaki katika mambo ya mbali, natuchukue mahali pamoja pa kazi pa huku kwetu. Tuseme hospitali yoyote ya pwani ya Mtwara, asubuhi ya Jumatatu. Kuna dirisha la kuandikisha wagonjwa, na karani mmoja nyuma yake. Watu kutoka Msimbati, Madimba na vijiji vya kando ya Ruvuma wamefika alfajiri. Hakuna anayejua zamu ni ya nani, na karani hujibu swali lile lile kila mara: niende chumba gani? Uongozi unafikiria kuweka roboti ndogo ya kutangaza zamu na kuonyesha njia. Ijaribiweje?

Jambo la kwanza ni kukaa na kutazama, pasipo mtambo wowote. Wiki nzima ya daftari na kalamu: maswali yaliyoulizwa, waulizaji wenyewe, aliyerukwa, aliyerudi nyumbani bila kuhudumiwa. Mara nyingi hugundulika hapo kwamba kibao chenye maandishi makubwa na mishale kingetosha, na fedha ya roboti ikanunue viti. Mbunifu asiyekuwa tayari kusikia jibu hilo asianze.

Ikionekana bado kuna haja, hutengenezwa umbo la katoni lenye macho mawili na mkono mmoja, na mtu aliyefichwa hulisemea. Hapa ndipo Kiswahili kinapomfunga mbunifu wa kigeni mikono. Roboti ya Kizungu husema salamu moja kwa wote. Ya kwetu itamwambia nini bibi wa miaka 70? Ikisema 'habari', imekosa adabu mbele ya watu wote. Ikisema 'shikamoo', inadai kuwa mdogo wake, nayo haina umri, haina mama, haikulelewa na mtu. Naye bibi atajikuta anaitikia 'marahaba' kwa katoni, jambo ambalo wengine watalicheka na wengine wataliona dhihaka. Ikimwita kijana wa miaka 30 'baba' na mwenzake 'kaka', ni nani aliyeihesabia umri? Na katika pwani yenye Waislamu wengi kama hii, salamu ipi itangulie? Sisi tungependekeza roboti isimsalimu mtu mmoja mmoja kamwe. Itangaze tu kwa sauti ya taratibu: mwenye namba 14, karibu dirishani. Salamu iachiwe karani. Lakini hilo ni dhana yetu, na jaribio la katoni lipo ili kuikosoa dhana kama hiyo kabla haijatengenezwa kwa chuma. Yamkini wazee watasema wanataka kusalimiwa hata na katoni.

Kuna pia lugha. Wapo akina bibi ambao Kiswahili chao ni cha shida na Kimakonde ndicho chao. Sauti ya roboti iliyorekodiwa Dar es Salaam itawapita kama upepo.

Baada ya katoni ndipo huja mtambo wenyewe, nao ujaribiwe mahali pale pale. Hewa ya bahari hula chuma, mchanga huingia kwenye magurudumu, umeme hukatika, watoto hung'oa macho. Roboti iliyofanya vizuri katika chumba chenye kiyoyozi haijajaribiwa bado. Tena isijaribiwe katika sehemu moja tu ya hospitali. Mwaka 2008 Bilge Mutlu na Jodi Forlizzi walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya roboti iliyokuwa ikibeba vifaa katika hospitali moja ya Marekani. Mtambo ulikuwa mmoja, sauti moja, njia zile zile. Katika wodi ya wazazi waliojifungua wafanyakazi waliupokea vizuri. Katika wodi ya wagonjwa wa saratani, ambako kazi ilikuwa nzito, njia zilikuwa nyembamba na wagonjwa walikuwa mahututi, waliuchukia. Wapo waliouporomoshea matusi na hata kuupiga teke. Sauti ya uchangamfu iliyompendeza mama mwenye mtoto mchanga iliudhi pale ambapo mtu alikuwa anakufa. Mchungaji yeyote aliyewahi kupita kutoka wodi moja kwenda nyingine kwa asubuhi moja angeweza kuwaambia hivyo bila utafiti, lakini hakuulizwa.

Muda nao una neno lake. Juma la kwanza watu watajaa kutazama kitu kipya, na mtafiti mwenye haraka ataandika kwamba roboti imependwa. Arudi mwezi wa tatu, wakati ugeni umekwisha, ahesabu ni wangapi bado wanaisikiliza na ni wangapi wanaipita wakaenda kumwuliza karani.

Sheria isisahauliwe. Utafiti juu ya wagonjwa katika nchi yetu unahitaji kibali cha kimaadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu au cha kamati inayotambuliwa. Na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo kamera na kinasa sauti cha roboti haviwezi kuchukua uso na sauti ya mgonjwa kana kwamba ni mali ya aliyekiweka kifaa.

Lakini kabla ya kibali chochote kuna baraza. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, mji huu uliingia katika ghasia zilizogharimu maisha ya watu kwa sababu ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Chochote mtu atakachosema juu ya uchumi wa bomba lile, wananchi wengi walikuwa wakilalamika kwamba mambo yaliamuliwa bila wao. Roboti ya mapokezi ni kitu kidogo sana kulinganisha na bomba. Hata hivyo karani aliye nyuma ya dirisha atauliza swali lile lile: mimi je? Ajibiwe kabla katoni haijakatwa. Kama nia ni kumwondoa, aambiwe. Kama nia ni kumpunguzia kurudia maneno ili apate dakika ya kumtazama mgonjwa usoni, basi idadi ya dakika hizo ndiyo ipimwe, na iandikwe kwanza katika daftari la majaribio.

Siku ya mwisho ya jaribio wagonjwa, wauguzi na karani waitwe uani. Katoni ifunguliwe mbele yao, na kijana aliyekuwa akiisemea atoke awasalimu kwa sauti yake mwenyewe. Anayetaka kuuliza aulize. Karani apewe nafasi ya kusema wa kwanza.